Dua ya Pamoja na Chumba cha Ukimya: Walivyoliona Jambo Hili Waliotutangulia

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Kila mwaka, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa linapofungua kikao chake cha kawaida mjini New York, wajumbe wa nchi zote husimama kimya kwa muda wa dakika moja. Kanuni ya 62 ya Baraza hilo inamtaka rais wa kikao awaalike wajumbe wanyamaze dakika hiyo kwa ajili ya kuomba au kutafakari, na jambo hilo hurudiwa kikao kinapofungwa. Husimama Mwislamu, husimama Mnasara, husimama Mhindu na Mbudha, na husimama pia asiyeamini lolote. Kiti cha urais wa Baraza hilo kiliwahi kukaliwa na mtu wa kwetu, Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, katika kikao cha 34 kilichoanza mwaka 1979. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa mbali tu.

Katika majengo hayohayo, pembeni mwa ukumbi wanamoingilia wageni, kuna chumba kidogo kisicho na msalaba, wala mwezi na nyota, wala sanamu. Ni chumba cha ukimya. Vyumba vya mfano wake leo vimeenea katika viwanja vya ndege, hospitali na vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi huko ndimo wanamoswali adhuhuri na alasiri. Nao hutuuliza: je, swala inasihi humo? Na maimamu wetu huku nyumbani wanaalikwa katika mikusanyiko ya dini mbalimbali ya kuombea amani au mvua, ambamo sheikh huomba, kisha padri, kisha mwingine. Nao huuliza: tukae au tuondoke? Tuitikie amina au tunyamaze?

Jawabu tunazozisikia sana ni mbili, na zote mbili ni za haraka. Mmoja husema kuwa yote hayo ni kuchanganya haki na batili, na anayehudhuria ametoka katika dini. Mwingine husema Uislamu ni dini ya amani, basi hapana ubaya wowote. Wa kwanza hakufungua kitabu, na wa pili hakukifungua vilevile. Lau wangefungua wangeona kwamba mafakihi walikwisha kulizungumza suala hili zaidi ya miaka mia saba iliyopita, tena katika mlango ambao wengi wetu tuliusoma chuoni tungali wadogo.

Mlango wenyewe ni wa swala ya kuomba mvua, istisqai. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu za pwani hadi leo, kwamba Waislamu wanapotoka uwanjani kuomba mvua, watu wa dhima, yaani Mayahudi na Manasara walio chini ya hifadhi ya dola ya Kiislamu, hawazuiwi kuhudhuria, lakini hawachanganyiki na Waislamu. Maneno yenyewe ni machache sana, na mwanafunzi huyapita kwa haraka ili afike kwenye hukumu ya kugeuza joho. Sisi tunaona yanastahiki kusimamiwa.

Kwa nini hawazuiwi? Mashekhe waliosherehesha wamesema: kwa sababu na wao wanaomba riziki, na fadhila ya Mola ni pana, huwapa riziki waumini na wasioamini. Ukame hauchagui shamba la Mwislamu na la Mnasara. Na kwa nini hawachanganyiki? Kwa sababu kila kundi lina ibada yake, na ibada haina ubia. Imam Shafi'i mwenyewe hakupenda sisi ndio tuwatoe, ila wakitoka wenyewe hakuona wazuiwe. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali naye amesema katika al-Mughni kuwa wasitengewe siku yao peke yao, maana huenda mvua ikanyesha siku hiyo, watu wakafitinika katika dini yao. Tazama fikra za watu hawa! Hawakuogopa kuonekana uwanja mmoja na jirani zao. Walichoogopa ni mtu wa kawaida kushindwa kujua nani anamwabudu nani, na kwa njia ipi.

Sasa tuitazame hukumu hii ilipokutana na siku ngumu. Mwaka 749 Hijria, sawa na 1348, tauni kubwa iliyoangamiza watu Mashariki na Magharibi iliingia Sham. Ibn Battuta, yule yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa amerejea Damascus wakati huo, na ameyasimulia aliyoyaona. Naibu wa Sultani, Amir Arghun Shah, aliamrisha mnadi atangaze kwamba watu wafunge siku tatu mfululizo, na kwamba asipikwe chakula cha kuuzwa masokoni mchana. Watu wakafunga, na siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Usiku wake wakakusanyika katika Msikiti Mkuu wa Bani Umayya, maamiri na masharifu, makadhi na mafakihi na watu wa kila tabaka, hata msikiti ukajaa. Wakakesha wakiswali, wakidhukuru na kuomba. Walipomaliza swala ya alfajiri wakatoka kwa miguu, misahafu mikononi, na maamiri wakiwa miguu mitupu, wakielekea Msikiti wa al-Aqdam nje ya mji. Wakatoka wakazi wote wa mji, wanaume kwa wanawake, wadogo kwa wakubwa. Mayahudi wakatoka na Taurati yao, Manasara wakatoka na Injili yao, wake zao na watoto wao pamoja nao, wote wakilia na kumnyenyekea Mwenyezi Mungu. Wakabaki huko hadi karibu na adhuhuri, kisha wakarejea mjini wakaswali Ijumaa. Ibn Kathir, ambaye alikuwa mkazi wa Damascus na alishuhudia mwaka huo wote, naye ameuandika mkusanyiko huo katika tarekhe yake.

Msomaji mtukufu, angalia vizuri. Njia ilikuwa moja, saa ilikuwa moja, na msiba ulikuwa mmoja. Lakini riwaya inataja vitabu vitatu, wala haitaji kimoja. Haikutajwa dua moja iliyotungwa ili kila mtu aweze kuitamka bila kuudhika. Haikutajwa kuwa askofu alimwitikia khatibu au khatibu alimwitikia askofu. Kila kaumu ilitoka na kile ilichoamini kuwa kimeteremshwa kwake. Na wenye amri hawakuona kuwa kutoka kwa Mnasara na Injili yake, siku ambayo watoto wake nao wanakufa, kunaupunguzia Uislamu heshima. Mji huo ndio aliosomesha Nawawi, miaka isiyofika themanini kabla.

Hatutaki msomaji adhani kuwa mkusanyiko ule ulikubaliwa na maulamaa wote. Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 Hijria, sawa na 1449) aliandika kitabu kizima juu ya tauni, Badhl al-Maun, naye hakuwa mtu wa kuzungumza kwa nadharia tu, kwani mabinti zake watatu walikufa kwa maradhi hayo. Yeye aliukataa utaratibu wa watu kukusanyika jangwani kwa ajili ya tauni kama wanavyokusanyika kwa ajili ya mvua. Hoja yake ni kwamba tauni ilitokea zama za Masahaba, ile ya Amwas katika ukhalifa wa Umar (r.a.), na hawakufanya hivyo, lau lingekuwa jambo la kisharia lisingewafichikia. Kisha akataja aliyoyashuhudia mwenyewe Cairo mwaka 833 Hijria, sawa na 1430: watu walifunga siku tatu wakatoka jangwani wakati idadi ya wanaokufa haijafika arobaini kwa siku, na mwezi haukwisha ila wamefika zaidi ya elfu moja kwa siku.

Hii ni ikhtilafu yenye faida, lakini tuiweke mahali pake. Pingamizi ya Ibn Hajar ni juu ya Waislamu kuzua aina ya ibada isiyokuwa na asili. Haikuwa juu ya kuwepo Mayahudi na Manasara. Wapo wanaoinukuu leo kana kwamba ni fatwa ya kukataza kukaa na watu wa dini nyingine. Kunukuu namna hiyo si uadilifu. Linalotufaa sisi ni swali lake: hiki mnachokifanya, ni ibada au ni mkutano? Kama ni ibada, leteni dalili yake. Kama ni mkutano, basi kiiteni kwa jina lake.

Tukirudi nyuma zaidi tunaikuta asili yenyewe katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Mwaka wa 9 Hijria kwa kauli mashuhuri, ulikuja Madina ujumbe wa Manasara wa Najran, wapandaji sitini, miongoni mwao askofu wao Abu Haritha bin Alqama. Ibn Ishaq amepokea kwamba waliingia msikitini Mtume (s.a.w.) alipokwisha kuswali alasiri, na wakati wa swala yao ulipowadia wakasimama kuswali humo. Mtume akaamrisha waachwe, nao wakaswali wakielekea mashariki. Wanafunzi wa hadithi wanajua kwamba sanadi ya habari hii imekatika, kwa kuwa msimulizi wake, Muhammad bin Ja'far bin az-Zubayr, hakumdiriki Mtume. Pamoja na hayo Ibn al-Qayyim ameitolea hukumu katika Zad al-Maad: inajuzu kwa Ahlul-Kitab kuingia misikiti ya Waislamu, na inajuzu kuwaachia waswali swala yao humo ikiwa ni jambo la kuzuka, lakini hawaachiwi kulifanya ada. Kuingia kwa asiyekuwa Mwislamu msikitini kuna dalili zenye nguvu zaidi, kama kisa cha Thumama bin Uthal aliyefungwa kwenye nguzo ya msikiti naye bado hajasilimu, ambacho kimo katika Bukhari. Madhehebu yetu ya Shafi'i yanaruhusu kwa idhini ya Mwislamu, isipokuwa eneo la Haram ya Makka. Imam Malik amezuia isipokuwa kwa haja.

Na baada ya swala ile kulikuwa na nini? Kulikuwa na mjadala mkali juu ya Nabii Isa (a.s.), ikateremka sehemu ya Sura Aal Imran, wakaitwa katika maapizano, wakaogopa wakakataa, kisha wakaandikiana mapatano ya suluhu ya nguo elfu mbili kila mwaka. Hakuna aliyeficha imani yake kwa adabu. Waliachiwa swala yao, wakaambiwa wazi wamekosea, wakaondoka na amani yao. Mambo matatu hayo yalikaa katika kikao kimoja, nasi leo tunadhani hayawezi kukaa pamoja.

Upande wa pili, yaani Mwislamu kuswali katika nyumba ya ibada ya wengine, kisa kinachotajwa sana mimbarini ni cha Amirul-Muuminina Umar (r.a.) alipofika Baytul-Maqdis. Husemwa kuwa wakati wa swala ulimkuta ndani ya kanisa kuu, Patriaki Sophronius akamwambia aswali hapohapo, akakataa, akatoka akaswali nje, kwa kuchelea Waislamu wasije baadaye wakalichukua kanisa kwa hoja kwamba Umar aliswali hapa. Ni kisa kizuri, lakini ukweli na usemwe: aliyekiandika ni Mnasara, Said bin Batriq, Patriaki wa Alexandria aliyefariki mwaka 940, karibu karne tatu baada ya tukio. Anayekisoma mimbarini na akitaje hivyo. Ingawa kwa maoni yetu, kuwa kimehifadhiwa na Manasara wenyewe ni jambo lenye uzito wake.

Tena khofu ile haikuwa ya bure. Huko huko Damascus, kwenye kiwanja cha Msikiti wa Bani Umayya, palikuwa na Kanisa la Yohana, na kwa takriban miaka sabini baada ya mji kufunguliwa Waislamu waliswali jirani nalo katika kiwanja hichohicho. Baladhuri ameeleza kwamba Muawiya alitaka kulitia kanisa katika msikiti, Manasara wakakataa; Abdul-Malik akawapa mali, wakakataa; mwanawe al-Walid akalibomoa kwa nguvu. Alipotawala Umar bin Abdul-Aziz (717–720) Manasara walimshitakia, naye akamwandikia gavana wake awarudishie. Watu wa Damascus wakaja juu: tuubomoe msikiti wetu baada ya kuadhini na kuswali ndani yake? Mafakihi wakaingia kati, hadi Manasara wakaridhia kupewa makanisa ya Ghuta badala yake. Jambo lililoanza kwa ujirani liliishia kwa khalifa mwadilifu kutafuta namna ya kulipa deni la aliyemtangulia. Mahali pa pamoja pasipokuwa na mpaka uliotajwa, mwenye nguvu mwishowe hupachukua.

Mikutano nayo ina historia yake ya kuharibika, na mfano ulio wazi zaidi ni wa India. Mwaka 1575 mfalme Akbar alijenga Fatehpur Sikri nyumba aliyoiita Ibadat Khana, Nyumba ya Ibada, watu wakutane usiku wa Ijumaa kujadili elimu. Mwanzo walialikwa Waislamu peke yao, na ugomvi wa kwanza haukuwa wa itikadi. Ulikuwa wa viti! Ikabidi mfalme awagawe kwa pande nne, maamiri mashariki, masharifu magharibi, maulamaa kusini na masufi kaskazini. Kisha maulamaa wawili wakubwa wa dola, Makhdum al-Mulk na Shaykh Abdun-Nabi, wakaanza kuvunjiana heshima mbele yake hata akawadharau wote. Baadaye milango ikafunguliwa kwa Wahindu, Wajaini na Waparsi, na mwaka 1580 wakaja mapadri wa Kijesuti kutoka Goa. Badauni, aliyehudhuria, amelia katika tarekhe yake kwamba Akbar alipotoshwa na wageni hawa. Sisi tunavyomsoma, kitabu chake mwenyewe kinaonyesha kwamba mfalme alikwisha kupoteza imani na maulamaa kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Mwaka 1579 walikuwa wameshamtilia saini waraka wa kumfanya yeye awe mwamuzi baina ya kauli za mujtahidi. Mwenye kuitisha mkutano akishakuwa ndiye hakimu wa haki na batili, mkutano huo si mazungumzo tena. Kwa hiyo imamu aliyepata mwaliko ana haki ya kuuliza mapema ni nani anayeitisha, na mwisho wa kikao kutasomwa tamko gani kwa jina la wote.

Tumebakiwa na ukimya, na hapa ndipo penye makosa mengi, kwa sababu watu hudhani ukimya hauna dini na kwa hiyo hauna hukumu.

Ukimya kama ibada yenyewe haumo katika sharia yetu. Imo katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mtu amesimama juani akati anahutubia, akaambiwa ni Abu Israil, ameweka nadhiri asimame, asikae, asijifunike na kivuli, asiseme, na afunge. Akaamrisha aseme, akae, aingie kivulini, na aikamilishe saumu yake. Mambo manne aliyojitwisha, likabaki lile moja ambalo Allah ameliwekea sharia. Na Abubakar (r.a.) alipomkuta mwanamke wa kabila la Ahmas, jina lake Zaynab, amehiji pasina kusema, alimwamuru aseme, akamwambia kuwa hayo ni katika matendo ya Jahiliyya. Ama nadhiri ya Bibi Maryam (a.s.) iliyotajwa katika sura yake aya ya 26, hiyo ilikuwa sharia ya waliotutangulia, na sharia yetu imekuja na nyingine.

Lakini kufikiri kimya ni jambo jingine kabisa. Aya ya 191 ya Sura Aal Imran imewasifu wanaotafakari katika kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Mtume (s.a.w.) alijitenga katika pango la Hira kabla ya utume, na baada yake sunna ikawa itikafu msikitini. Ummu Dardai alipoulizwa juu ya ibada iliyokuwa nyingi zaidi kwa mumewe, alitaja tafakuri. Imam Ghazali alipoiacha Baghdad mwaka 488 Hijria alifika Damascus, na amesimulia kwamba alikuwa akipanda mnara wa msikiti uleule na kujifungia mlango mchana kutwa. Na katika Ihya akaiwekea tafakuri kitabu chake mahsusi. Tofauti ni kwamba hawa walinyamaza kwa ajili ya kukumbuka, na wanajua wanamkumbuka nani. Aya ya 205 ya Sura Al-A'raf imeamrisha kumtaja Mola ndani ya nafsi, kwa unyenyekevu na bila ya kupaza sauti. Mjumbe wa Kiislamu aliyesimama dakika ile moja New York, akaijaza kwa istighfari moyoni, hajafanya uzushi. Amepewa nafasi akaitumia. Hilo si sawa na kusimama kimya kwa ajili ya kumtukuza maiti, ambako Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia na wengineo wamekukataza.

Sasa turudi katika chumba. Aliyekipanga kama kilivyo leo ni Dag Hammarskjöld, Msweden, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa, yule aliyekufa mwezi wa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola akienda kusuluhisha vita vya Kongo. Mwanzo kilikuwa chumba cha kawaida. Yeye alikisimamia mwenyewe hadi kikafunguliwa upya mwaka 1957. Katikati aliweka pande la chuma ghafi kutoka Sweden lenye uzito wa tani 6.5, lililosuguliwa juu na kumulikwa na taa moja, na mbele yake ukutani mchoro wa Bo Beskow usio na umbo la mtu wala mnyama. Vyumba vingine vimefuata mfano wake. Cha Berlin, ndani ya Lango la Brandenburg, kilifunguliwa mwaka 1994.

Kama Hammarskjöld angeliacha pande lile bila maelezo, mafakihi wangesema ni jiwe tu. Lakini katika waraka aliowaandikia wageni alilifananisha na madhabahu, tupu, kwa ajili ya Mungu ambaye watu humwabudu kwa majina na sura nyingi. Hapo ndipo tunapoachana naye, kwa heshima. Sisi tunaamini kuwa Allah ana majina mazuri na kwamba Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha namna ya kuabudiwa. Hatuamini kuwa namna zote ni njia zake. Ni afadhali kusema hivyo kuliko kukaa kimya katika chumba cha ukimya kila mmoja akidhani mwenzake amekubali. Abu Dhabi walifuata njia nyingine: katika jengo lao la dini tatu lililofunguliwa mwaka 2023, msikiti, kanisa na sinagogi vimejengwa mbalimbali katika uwanja mmoja. Wapo maulamaa waliolipinga hata hilo, na hoja zao zina mahali pake, lakini mtu aliyeisoma Minhaj ataona kuwa kuta tatu ni afadhali kuliko madhabahu moja isiyo na jina.

Ama swala ya kijana wetu katika chumba cha hospitali au chuo, inasihi. Asili ni hadithi sahihi kwamba ardhi yote imefanywa msikiti na kitoharishi kwa Umma huu. Hata kanisani, ambako Nawawi amekutaja katika Minhaj miongoni mwa mahali ambapo swala ni makruhu, pamoja na njiani na jalalani, mafakihi hawakusema swala imebatilika, na Bukhari amepokea kwamba Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akiswali katika kanisa isipokuwa lenye masanamu. Chumba cha ukimya ni chepesi kuliko kanisa. Lakini pia si msikiti, kwa kuwa hakikuwekwa wakfu kwa ajili ya swala. Kwa hiyo hakina tahiyyatul-masjid, itikafu haisihi ndani yake, na mwanamke mwenye hedhi hazuiwi kukaa humo. Tumesikia wanafunzi wakiwazuia dada zao kuingia, na hilo halina msingi.

Kikiwa na jiwe, mshumaa au mchoro upande wa kibla, ajitenge nao akiweza. Bukhari ameweka mlango juu ya mwenye kuswali na mbele yake tanuri au moto au kitu kinachoabudiwa, naye anamkusudia Allah, kuashiria kuwa swala yake ni sahihi. Ibn Sirin alichukia kuielekea tanuri, na Mahanafi wamesema ni makruhu kuelekea moto. Kutoka katika khilafu ni bora, na hatua mbili kulia au kushoto zinatosha. Akikuta wengine wamekaa kimya, asome kwa siri hata kama ni maghribi, kwani kudhihirisha kisomo ni sunna, na kuwaudhi watu ni haramu.

Na katika dua za zamu, kila mmoja akiomba kwa dini yake, imamu anaweza kukaa na akaomba kwa zamu yake dua iliyo wazi ya tauhidi. Kuitikia amina kwa dua ya asiyekuwa Mwislamu, Ruyani miongoni mwa Mashafi'i amekataza, na wengine hawakumkubalia, wakasema huenda akajibiwa, kama Iblisi alivyopewa muhula alioomba. Sisi tunaona: ikiwa dua ina shirki ndani yake, anyamaze, ikiwa ni kuomba mvua au amani kwa Mola wa viumbe wote, anayeitikia halaumiwi na anayenyamaza halaumiwi. Lakini dua moja ya kusomwa na wote kwa pamoja, iliyotungwa ili isiwe ya dini yoyote, hiyo asiitie mdomo wake.

Limebaki jambo dogo ambalo vijana huliuliza mwisho: je, waandike alama ya kibla ukutani na waache misala na misahafu yao humo? Alama ndogo kwa idhini ya wenye jengo haina neno. Ama kukijaza chumba mpaka Mnasara akifika aone ni chetu, hilo ndilo ambalo Umar (r.a.), ikiwa kisa cha Ibn Batriq ni cha kweli, alitoka nje ya kanisa ili lisitokee. Wakishaswali wakunje misala yao, wafute maji ya udhu sakafuni, na wakiache kama walivyokikuta. Wallahu aalam.